Onyo la homoni limeondolewa, lakini hii bado ni dawa ya dalili, sio dawa ya kuzuia uzee

Tarehe 10 Novemba 2025 FDA, ile mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitangaza kwamba inaanza kuondoa onyo la boksi jeusi, yaani onyo zito linalowekwa ndani ya fremu nyeusi mwanzoni mwa maelezo ya dawa, kwenye dawa za homoni wanazopewa wanawake waliokoma hedhi. Onyo lenyewe lilikuwepo tangu 2003, likitaja magonjwa ya moyo, kansa ya matiti na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. Tangu siku hiyo mtandaoni wamezuka watu wa aina mbili na wote naona wameisoma habari vibaya. Kuna wanaosema kumbe tulidanganywa miaka zaidi ya ishirini, dawa haina shida yoyote, kila mwanamke akifika 50 aanze. Na kuna wanaosema hapa makampuni ya dawa yameshinda, kansa ni ile ile ila karatasi imebadilishwa. Mimi msimamo wangu ni huu: onyo lilistahili kuondoka kwa jinsi lilivyoandikwa, manake lilimhukumu kila mwanamke kwa dawa moja na kwa umri usio wake, lakini kuondoka kwake hakujaigeuza homoni kuwa dawa ya kuzuia magonjwa ya uzee. Ni dawa ya kutibu dalili, inafanya kazi hiyo vizuri kuliko nyingine zote tulizonazo, na hatari zake zipo, zinahesabika, na zinabadilika kulingana na nani anatumia, homoni ipi, kwa njia gani, na alianza lini.

Tuanze na kinachotokea mwilini, kwasababu bila hicho mjadala unabaki makelele. Mwanamke akikaribia kukoma hedhi, kwa wengi ni kati ya miaka 45 na 55, ovari zinapunguza kutengeneza homoni inayoitwa estrojeni mpaka zinaacha kabisa. Ile estrojeni haikuwa ya uzazi tu, ilikuwa inafanya kazi kwenye mifupa, kwenye mishipa ya damu, kwenye ngozi ya uke na njia ya mkojo, na kwenye ubongo. Kuna kundi la seli kwenye hipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili, ambazo estrojeni ndo ilikuwa inazituliza, ikiondoka zinawaka kupita kiasi na mwili unaanza kujibu mabadiliko madogo tu ya joto kana kwamba ni dharura: mishipa ya ngozi inafunguka, jasho linamwagika, moyo unaenda mbio. Usiku inatokea hivyo hivyo na usingizi unaharibika, alafu asiyelala anakuwa na hasira, anasahau, anachoka kazini, na watu wanamuona amebadilika tabia. Utafiti wa SWAN wa Marekani uliofuatilia wanawake kwa miaka mingi ulikuta haya majoto ya ghafla yanadumu kwa wastani zaidi ya miaka 7. Sasa mtu anaposema vumilia tu yatapita, awe anajua anamwambia mwenzake avumilie miaka 7. Na estrojeni ikirudishwa, mapitio ya 2004 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalionyesha idadi ya majoto hayo inashuka kwa kama asilimia 75 ukilinganisha na waliopewa kidonge kisicho na dawa, na hao wa kidonge kisicho na dawa nao walikuwa wamepata nafuu kiasi kwahiyo hiyo asilimia ni juu ya nafuu yao.

Dawa yenyewe ni ya zamani. Premarin, vidonge vya estrojeni inayotolewa kwenye mkojo wa farasi wenye mimba, iliruhusiwa Marekani mwaka 1942. Miaka ya 60 ikauzwa kama dawa ya kubaki kijana, mpaka 1975 zilipochapishwa tafiti zikionyesha kwamba estrojeni ikitumika peke yake kwa mwanamke mwenye mfuko wa uzazi inakuza ule utando wa ndani ya mfuko na kuleta kansa yake. Hilo halijawahi kukanushwa na mtu yeyote, na ndo sababu mwenye mfuko wa uzazi lazima aongezewe homoni ya pili, projesteroni au ndugu zake wa maabara wanaoitwa projestini, ili kuulinda ule utando. Baada ya hapo matumizi yakapanda tena, na miaka ya 80 na 90 tafiti za kufuatilia watu, mfano ule mkubwa wa manesi wa Marekani, zikaonyesha wanaotumia homoni wanaugua moyo kidogo kuliko wasiotumia. Madaktari wakaanza kuziandika hata kwa wanawake wasio na dalili yoyote, wa miaka 65, 70, kwa lengo la kulinda moyo. Hapo ndo pa kukumbuka, kwasababu makosa yote yaliyofuata yamezaliwa hapo.

Ilibidi mtu aipime hiyo imani kwa jaribio la kweli, yaani unagawa watu kwa bahati nasibu, nusu dawa nusu kidonge kisicho na dawa. Mwaka 1998 yakatoka majibu ya jaribio la HERS, lililowachukua wanawake 2,763 ambao tayari wana ugonjwa wa moyo, na likakuta homoni haikuwasaidia, na mwaka wa kwanza matukio ya moyo yaliongezeka. Alafu likaja lile kubwa, Women's Health Initiative, maarufu WHI, lililogharamiwa na serikali ya Marekani. Wanawake 16,608 wenye mfuko wa uzazi, umri kuanzia 50 hadi 79, wastani miaka 63, wakapewa estrojeni ya Premarin pamoja na projestini inayoitwa medroksiprojesteroni, au kidonge tupu. Lilipangwa kwenda zaidi ya miaka 8, likasimamishwa Julai 2002 baada ya miaka 5 na kidogo kwasababu kansa ya matiti ilivuka kiwango walichojiwekea na hasara zilionekana kuzidi faida. Vichwa vya habari vikasema kansa ya matiti juu asilimia 26, moyo juu asilimia 29, kiharusi juu asilimia 41, na kwa wiki chache dunia nzima ikawa imeshaamua.

Hizo asilimia ni za kweli, lakini hazimwambii mtu kitu mpaka ajue zinaongezwa juu ya nini. Katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka, wasiotumia homoni walipata kansa ya matiti 30 na waliotumia 38. Kwenye moyo ilikuwa 30 na 37. Kiharusi 21 na 29. Damu kuganda na kwenda kuziba mapafu, 8 na 16. Upande wa pili, kuvunjika nyonga kulishuka kutoka 15 hadi 10 na kansa ya utumbo mpana kutoka 16 hadi 10. Kwahiyo tunaongelea nyongeza ya wanawake 8 katika 10,000 kwa mwaka kwenye kansa ya matiti, ambayo kwa anayeipata sio ndogo hata kidogo, ila haifanani na picha iliyowafanya watu wamwage vidonge chooni. Na kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko namba zote: WHI haikuwa inauliza kama homoni inafaa kwa mwanamke wa miaka 51 asiyelala usiku kwa jasho. Ilikuwa inauliza kama homoni inazuia ugonjwa wa moyo kwa wanawake wakubwa, ndo maana theluthi mbili ya waliomo walikuwa na miaka 60 kwenda juu, kwasababu ukitaka kuhesabu mashambulio ya moyo unahitaji watu walio kwenye umri wa kuyapata. Swali hilo lilijibiwa sawasawa na jibu likawa hapana. Kosa lilikuja baadae, pale jibu la swali hilo lilipochukuliwa zima zima na kubandikwa kwa mwanamke ambaye hakuwa kwenye swali.

Na gharama yake ililipwa. Nchini Marekani uchambuzi wa takwimu za kitaifa za afya uliochapishwa 2024 unaonyesha waliokuwa wanatumia homoni baada ya kukoma hedhi walikuwa karibu asilimia 27 mwaka 1999, kufika 2020 wakawa chini ya asilimia 5. Kizazi kizima cha madaktari kimesoma na kumaliza shule katika kipindi hicho wakijua sentensi moja tu, homoni inaleta kansa. Dada yangu mmoja alitolewa ovari zote mbili akiwa hajafika 40, na daktari aliyemuhudumia baadae akakataa kumuandikia chochote kwa sababu hiyo hiyo, akakaa miaka bila estrojeni katika umri ambao mwili bado ulikuwa unaitegemea. Watu wa kundi lake ndo walioumizwa zaidi na lile onyo, manake kwa mwanamke ambaye hedhi imekoma kabla ya 40, iwe yenyewe au kwa upasuaji, kukaa bila homoni kunaongeza hatari ya mifupa kudhoofika na ya magonjwa ya moyo, na miongozo ya kitabibu inasema arudishiwe angalau mpaka umri wa kawaida wa kukoma hedhi, kama miaka 51 hivi, isipokuwa kama ana sababu maalum ya kumzuia. Kwake hii ni kurudisha kilichopaswa kuwepo, na hatari za mama wa miaka 63 aliyeanza upya hazimuhusu.

Kitu kingine ambacho hakikusikika vizuri ni kwamba WHI zilikuwa mbili. Kulikuwa na jaribio la pili la wanawake 10,739 waliokwisha kutolewa mfuko wa uzazi, hawa walipewa estrojeni peke yake. Lilisimamishwa mapema 2004 kwasababu ya kiharusi, nyongeza ya kama 12 katika 10,000 kwa mwaka, lakini kansa ya matiti haikupanda. Ilishuka. Ufuatiliaji wa miaka 20 uliochapishwa 2020 ulikuta waliotumia estrojeni peke yake walipata kansa ya matiti kidogo kwa asilimia 22 na kufa kwa kansa hiyo kidogo kwa asilimia 40. Dawa mbili tofauti, majibu mawili yanayopingana kwenye jambo ambalo watu wanaliogopa kuliko yote, na bado onyo likawa moja. Mtu akikwambia homoni inaleta kansa au homoni haileti kansa, muulize kwanza homoni ipi, na kama hajui tofauti usiendelee nae.

Baada ya hapo yamekuja mambo mawili yaliyobadilisha mahesabu, umri wa kuanza na njia ya kutumia. Kuhusu umri, walipozichambua upya namba za WHI waliona wanaoanza wakiwa na miaka 50 hadi 59 hawakuwa na ile picha ya moyo waliyokuwa nayo wa miaka 70. Jaribio la ELITE la 2016 lilichukua wanawake 643 na kuwagawa, waliokoma hedhi chini ya miaka 6 iliyopita na waliokoma miaka 10 au zaidi, likakuta estrojeni ilipunguza kasi ya ukuta wa mshipa wa shingo kunenepa kwa hao wa kwanza na haikufanya kitu kwa hao wa pili. Maelezo yanayotolewa ni kwamba estrojeni inautunza mshipa ambao bado mzima, ila ukiwa umeshajaa mafuta inaweza hata kuyafanya yale mafuta yabanduke. Ndo msingi wa kauli ya sasa, kwamba anayeanza kabla ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu akome hedhi faida zake kwa kawaida zinazidi hasara kama ana dalili zinazomsumbua. Kuhusu njia, estrojeni ya kumeza inapita kwenye ini kwanza, na ini likikutana na dozi hiyo linaongeza protini za kugandisha damu, wakati kibandiko au jeli inaingia kupitia ngozi moja kwa moja kwenye damu bila kulichokoza ini. Tafiti za kulinganisha, kuna ya Ufaransa ya 2007 na kubwa ya Uingereza ya 2019, zilikuta hatari ya damu kuganda inapanda kwa vidonge na haipandi kwa vibandiko. Hizi sio za kugawa kwa bahati nasibu kwahiyo zina udhaifu wake, ila zinakubaliana na zinaendana na jinsi ini linavyofanya kazi, na mimi ningekuwa na uzito mkubwa au historia ya damu kuganda kwenye familia nisingekubali kidonge kabla ya kuulizia kibandiko.

Sasa niwatendee haki wanaotaka onyo libaki, kwasababu hoja yao kubwa ni nzuri. Wanasema kansa ya matiti ipo, na ukiangalia miaka mingi sio ndogo kama namba za mwaka mmoja zinavyoonyesha. Wako sahihi. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha mkusanyiko wa tafiti kutoka nchi nyingi, na hesabu yao ilikuwa hivi: mwanamke wa kawaida asiyetumia homoni, katika kila 1,000, kama 63 watapata kansa ya matiti kati ya miaka 50 na 69. Wakitumia estrojeni pamoja na projestini ya kila siku kwa miaka 5 kuanzia 50, wanakuwa 83. Projestini ikiwa ya siku kadhaa kwa mwezi, 77. Estrojeni peke yake, 68. Yaani kwa ile ya kila siku ni mwanamke mmoja wa ziada katika kila 50, na sehemu ya hatari inaendelea hata baada ya kuacha. Utaona hiyo ya estrojeni peke yake inapingana na WHI iliyosema inashuka, na huo mvutano haujaisha, kuna wanaoamini zaidi jaribio na kuna wanaoamini wingi wa watu waliofuatiliwa. Mimi naegemea jaribio kwasababu bahati nasibu inaondoa upendeleo mwingi, lakini mmoja katika 50 kwa mchanganyiko wa kila siku siwezi kuupuuza na sioni kwanini mtu yeyote auchukulie kama porojo. Ninachowapinga ni kudhani kwamba boksi jeusi ndo njia ya kuifikisha hiyo namba. Boksi halikuwa na namba hiyo kwa namna mtu anaweza kuipima na maisha yake, lilikuwa na hofu tu, na hofu ile ile iliwekwa mpaka kwenye krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni ambayo inaingia kwenye damu kidogo sana. Kuna wanawake wazee wanaopata UTI mara kwa mara na maumivu wakati wa tendo kwasababu ngozi ya uke imekuwa nyembamba na kavu, krimu hiyo ingewasaidia, wakaenda nyumbani wakasoma karatasi ndani ya pakiti, wakaiweka pembeni.

Wapo pia wanaosema kukoma hedhi ni jambo la asili kwahiyo halihitaji dawa. Hii haihitaji muda mrefu. Uchungu wa kujifungua ni wa asili, mtoto wa jicho uzeeni ni wa asili, na hakuna anayemwambia mzee aache macho yazibe. Anayetaka kukaa bila dawa akae, dalili zake ni zake, ila asilitumie neno asili kumnyima mwingine matibabu.

Hoja dhaifu kuliko zote kwa sasa inatoka upande wa wanaoshangilia, na kwa bahati mbaya sehemu yake imetoka kwa FDA wenyewe. Kwenye tangazo lao walisema homoni ikianzwa mapema inaweza kupunguza magonjwa ya moyo mpaka asilimia 50, Alzaima, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu uzeeni, asilimia 35, na kuvunjika mifupa asilimia 50 hadi 60. Ya mifupa iache, kwamba estrojeni inalinda mifupa imethibitishwa mpaka kwenye majaribio, hata kama kiwango chake ni cha kujadiliwa na kinga yenyewe inapungua ukiacha dawa. Lakini hiyo ya moyo na Alzaima imejengwa sana juu ya tafiti za kufuatilia watu, aina ile ile ya tafiti zilizotupoteza miaka ya 90. Wanawake wanaotumia homoni kwa hiari yao kwa wastani wana kipato kizuri, wanaenda kliniki, wanafanya mazoezi, hawavuti sana sigara, kwahiyo ukiwalinganisha na wasiotumia unaweza ukawa unapima maisha yao na kuipa sifa dawa. Kwenye majaribio ya kugawa watu, WHI ilikuta kwa wanawake wa miaka 65 kwenda juu waliopewa mchanganyiko hatari ya kupoteza kumbukumbu iliongezeka karibu mara mbili, na kwa walioanza wakiwa na 50 hadi 55 akili haikuharibika na wala haikulindwa. Jaribio la KEEPS la wanawake waliokoma hedhi karibuni nalo halikuona ubongo ukifaidika kwa maana ya kumbukumbu. Na vifo kwa ujumla, baada ya miaka 18 ya kuwafuatilia watu wa WHI, walikufa asilimia 27.1 ya waliopewa homoni na asilimia 27.6 ya waliopewa kidonge tupu. Hii namba naipenda kwasababu inazifunga pande zote mbili kwa pamoja, wale wanaosema homoni inaua na wale wanaosema inaongeza maisha. Ndo maana jopo la Marekani la huduma za kinga, USPSTF, liliandika tena mwaka 2022 kwamba halishauri homoni kwa ajili ya kuzuia magonjwa sugu kwa mtu asiye na dalili, na sijaona ushahidi mpya wa jaribio uliokuja kulipindua hilo. Kilichofanyika 2002 ilikuwa kuchukua jibu la kuzuia magonjwa kwa wazee na kumpa mwenye dalili. Kinachotaka kufanyika sasa ni kuchukua nafuu ya mwenye dalili na kuigeuza kinga ya magonjwa kwa kila mtu. Ni kosa moja linalotembea kinyumenyume.

Nyuma ya hilo kuna biashara ambayo inanitia wasiwasi zaidi kuliko makampuni makubwa ya dawa, nayo ni ya homoni zinazochanganywa maalum na vidonge vidogo vinavyopandikizwa chini ya ngozi, vinauzwa kwa kuitwa vya asili na salama. Estrojeni na projesteroni zinazofanana kabisa na za mwili zipo kwenye dawa zilizosajiliwa, kibandiko cha estradiol ni hivyo na projesteroni ya kidonge ni hivyo, hakuna haja ya kuzitafuta kwingine. Hizi za kuchanganywa hazijapimwa kwa viwango vile vile, dozi inaweza kutofautiana, na iliyopandikizwa ikizidi huwezi kuitoa kirahisi kama unavyobandua kibandiko. National Academies ya Marekani ilizipitia mwaka 2020 na kushauri matumizi yake yawekewe mipaka. Hatari kubwa kwangu ni ya mwanamke mwenye mfuko wa uzazi kupewa estrojeni nyingi na krimu ya projesteroni ambayo haitoshi kuulinda ule utando, tukarudi 1975.

Wanaume nao wameingia kwenye huu mjadala kwa mlango wa testosteroni, homoni ya kiume, na kwao kuchanganya tiba na kuzuia uzee kumeshamiri zaidi. Jaribio la TRAVERSE la 2023 lilichukua wanaume zaidi ya 5,200 wa miaka 45 hadi 80 wenye testosteroni ndogo na dalili zake, ambao pia wana ugonjwa wa moyo au hatari kubwa ya kuupata. Matukio makubwa ya moyo yalikuwa asilimia 7.0 kwa waliopata dawa na 7.3 kwa wasiopata, hapo watu wakashangilia. Ila jaribio hilo hilo lilionyesha mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, damu kuganda mapafuni na figo kuumia ghafla vilikuwa vingi zaidi kwa waliopata dawa, na baadae ikaonekana hata kuvunjika mifupa kuliongezeka badala ya kupungua, kitu ambacho wengi hawakutegemea. Juu ya hapo, testosteroni ya nje inauambia ubongo uache kuziamrisha korodani, mbegu zinashuka mpaka zinaweza kuisha kabisa, na kijana wa miaka 30 anayetaka watoto anaanza kuchoma sindano kwa ushauri wa mtu wa jim bila kuambiwa hilo. Kwa mwenye upungufu wa kweli uliopimwa asubuhi zaidi ya mara moja na mwenye dalili, ni tiba halali. Kwa aliyechoka tu kwasababu halali vizuri, sio.

Sasa hii inamaanisha nini kwa vitendo. FDA hawakuliondoa onyo la kansa ya mfuko wa uzazi kwenye estrojeni ya mwili mzima, yaani ile inayoingia kwenye damu na kusambaa, inayotumika peke yake, na hilo wengi wanaosambaza habari wamelikata. Maelezo ya kansa ya matiti na damu kuganda hayajafutwa, yanabaki ndani ya maelezo ya dawa, kilichotoka ni boksi la mbele. Aliyewahi kupata kansa ya matiti bado kwa kawaida hashauriwi homoni ya mwili mzima, jaribio la HABITS lililoanzia Sweden lilisimamishwa Desemba 2003 kwasababu kansa ilikuwa inarudi zaidi kwa waliopewa. Aliyewahi kupata kiharusi, shambulio la moyo au damu kuganda naye kwa kawaida hashauriwi, na mwenye ugonjwa wa ini ulio hai, au anayetokwa damu ukeni bila sababu kujulikana, hayo yatatuliwe kwanza. Na hao hawajaachwa hivi hivi, kuna fezolinetant iliyoruhusiwa Marekani 2023 na elinzanetant ya 2025, hazina homoni, zinaenda moja kwa moja kwenye zile seli za ubongo za joto, ingawa fezolinetant nayo mwisho wa 2024 iliwekewa onyo lake la ini. Mabadiliko ya karatasi hayatasaidia kitu kama daktari hajui kuuliza umri, lini hedhi ilikoma, mfuko wa uzazi upo au haupo, historia ya familia, presha, na mgonjwa mwenyewe anasumbuliwa na nini hasa. Anayeanza leo kwa kuogopa Alzaima hana dalili ya kupimia kama dawa inafanya kazi, kwahiyo hata siku ya kuacha hataijua. Anayeanza kwa jasho la usiku anajua ndani ya wiki chache. Na umri wa 60 sio siku ya kunyang'anywa dawa, aliyeanza na 51 akafika 63 akiwa bado anapata majoto akijaribu kuacha anaweza kushuka dozi, kuhamia kibandiko kama alikuwa anameza, apige picha ya matiti kwa ratiba yake, na kila mwaka akae na daktari wake waangalie kama sababu ya kuendelea bado ipo.